Kompyuta ya nyumbani na Wi-Fi: Ununue kadi gani?

KAMPALA – Lori limefika Malaba saa mbili usiku. Wakala wa forodha anapiga simu, anataka ankara na orodha ya vifurushi zitumwe upya kwa sababu uzito hauwiani. Mwenye mzigo yuko nyumbani Kawempe, mbele ya kompyuta ya mezani, na ukurasa wa barua pepe haufunguki. Lori linalala mpakani, posho ya dereva inaongezeka, na mteja aliyeko Juba anaanza kuuliza maswali.

Wanaosafirisha bidhaa kwa barabara ya Bombo kwenda Gulu, Elegu na Sudan Kusini hawahitaji kuelezwa zaidi. Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kutekelezwa mwaka 2014, tamko la mzigo unaokuja Uganda kupitia Mombasa hufanywa Uganda wakati mzigo ungali bandarini. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mapato Uganda, URA, ilianza kuwalazimisha waliosajiliwa VAT kutumia ankara za kielektroniki za EFRIS. Kazi hizo zote hupitia kwenye intaneti, na kwa mfanyabiashara mdogo ofisi mara nyingi ni kona ya sebule.

Tatizo ni kwamba kompyuta nyingi za mezani zilizotumika, hasa zile zilizotoka maofisini, hazina Wi-Fi ndani. Zilitengenezwa kuunganishwa kwa waya. Ili zipokee mtandao kutoka kwenye rauta, zinahitaji kadi ya Wi-Fi. Kadi hizo ni nyingi madukani, na tofauti zake ni kubwa kuliko maboksi yanavyoonyesha.

Kwanza: je, unahitaji kadi?

Kabla ya kutoa fedha, fanya jaribio dogo kwa simu yako. Zima bando la simu, unganisha na Wi-Fi, kisha pima kasi ukiwa umesimama karibu na rauta. Halafu nenda ilipo kompyuta upime tena.

Kama kasi ni ndogo hata ukiwa karibu na rauta, tatizo liko kwenye huduma unayolipia au kwenye mawimbi yanayoifikia rauta yenyewe. Kadi mpya haitasaidia. Kama kasi ni nzuri karibu na rauta lakini inaporomoka ilipo kompyuta, tatizo ni umbali na kuta. Hapo jaribu kwanza kuisogeza rauta mahali pa juu na pa wazi, mbali na mabati na friji.

Aidha, kama rauta na kompyuta viko chumba kimoja, nunua waya wa mtandao na uache kadi. Waya unaweza kufika mita 100, haugombani na mawimbi ya jirani na hauhitaji programu yoyote ya ziada. Usiupitishe nje ya nyumba kutoka jengo moja hadi jingine, kwani wakati wa radi unaweza kuunguza vifaa vya pande zote mbili.

Namba zilizo kwenye boksi

Muuzaji atakuonyesha boksi lililoandikwa 150, 300, 600 au 1200. Namba hizo ni kasi ya juu kabisa ya kinadharia, kwa megabiti kwa sekunde, kati ya kadi na rauta. Si kasi ya intaneti. Tena kwa kadi zenye bendi mbili, namba hizo ni jumla. Kadi ya AC1200 hutoa 300 kwenye bendi ya GHz 2.4 na 867 kwenye bendi ya GHz 5. Haitumii zote mbili kwa pamoja.

Tuchukue hesabu ya kawaida. Una faili la hati lenye megabaiti 8, yaani megabiti 64. Kama huduma unayolipia inapandisha megabiti 5 kwa sekunde, faili litachukua sekunde 13 hivi. Kadi ya 150 inayopata mawimbi mazuri na kadi ya 1200 zitamaliza kazi hiyo kwa muda uleule. Ni kama kuweka bomba la inchi nne kwenye tangi linalojazwa na mfereji mdogo. Kwa hiyo usilipie kasi ambayo huduma yako haiwezi kuileta.

Bendi ni muhimu kuliko kasi

Hata hivyo, ipo sababu nzuri ya kuachana na kadi ya bei ya chini kabisa. Kadi hizo husikia bendi ya GHz 2.4 peke yake. Bendi hiyo hupenya kuta vizuri, lakini ina njia tatu tu zisizoingiliana, ambazo ni 1, 6 na 11. Katika sehemu kama Bwaise au Kalerwe, ambako nyumba za kupanga zimebanana, unaweza kuona rauta kumi na zaidi zikigawana njia hizo. Jioni, watu wakirudi makwao, kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Bendi ya GHz 5 ina njia nyingi zaidi na haina msongamano huo, ingawa haifiki mbali na hudhoofika haraka ikikuta ukuta wa matofali. Kadi yenye bendi zote mbili inakupa nafasi ya kuchagua. Kwa mfanyabiashara wa Kawempe, hicho ndicho kigezo cha kwanza. Hakikisha tu kwamba na rauta yako ina bendi ya GHz 5, vinginevyo utakuwa umelipia kitu kisichotumika.

Kuhusu vizazi, Wi-Fi 4 ilitoka mwaka 2009, Wi-Fi 5 mwaka 2013, Wi-Fi 6 ilikamilishwa mwaka 2021, na vyeti vya Wi-Fi 7 vilianza kutolewa Januari 2024. Kwa ankara, matamko ya forodha na simu za video, Wi-Fi 5 inatosha. Wi-Fi 6 ina faida pale ambapo vifaa vingi vinatumia rauta moja, mradi rauta nayo iwe ya kizazi hicho.

USB au kadi ya ndani?

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza huchomekwa kwenye tundu la USB. Faida yake ni kwamba huhitaji kufungua kompyuta, na unaweza kuihamishia kwenye mashine nyingine. Kasoro yake ni kwamba ile ndogo kama ukucha huwa na antena dhaifu, na ikichomekwa nyuma ya kompyuta hufichwa na kasha la chuma. Ukichagua USB, tafuta yenye antena ya nje, au nunua waya wa kuongezea wa USB uiweke juu ya meza. Kumbuka pia kuwa matundu ya USB 3.0 yanapofanya kazi hutoa kelele inayoweza kuvuruga bendi ya GHz 2.4, jambo ambalo Intel ililieleza mwaka 2012. Kuiweka kadi mbali kidogo na matundu hayo kunasaidia.

Ya pili hufungwa ndani, kwenye sloti ya PCI Express. Kwa kawaida huwa na antena mbili, na nyingine zina antena zenye waya unaoweza kuziweka juu ya kabati. Kwa kompyuta isiyohama, hii ndiyo yenye kutegemewa zaidi. Lakini kagua mambo matatu kabla ya kununua.

Mosi, fungua kasha uhakikishe kuna sloti ndogo ya PCI Express iliyo wazi. Kompyuta za zamani sana zina sloti za PCI za kawaida, ambazo hazipokei kadi hizi.

Pili, pima kasha. Kompyuta nyembamba za ofisi hupokea kadi fupi tu. Kadi nzuri huja na mabati mawili ya kufungia, refu na fupi. Kama bati fupi halimo ndani ya boksi, iache.

Tatu, soma namba ya chipu. Intel AX200 na AX210 hufanya kazi kwenye kadi ya kawaida ya PCI Express. AX201 na AX211 zinahitaji bodi kuu ya Intel iliyotengenezwa kuzipokea. Zikiletwa zimelegea bila boksi, hufanana mno kwa macho, na aliyekosea namba hurudi nyumbani na kadi isiyoonekana kwenye mashine.

Draiva na usalama

Kadi bila draiva ni pambo. Maboksi mengine huja na CD, wakati kompyuta haina pa kuisomea, na bila mtandao huwezi kupakua draiva. Dawa ni rahisi: unganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wa USB na uwashe ugawaji wa intaneti. Njia hiyo pia inaweza kukuokoa usiku ambao kadi imeharibika na lori linasubiri.

Uliza kama kadi inafanya kazi na Windows uliyonayo. Chipu mpya za Intel hazina draiva rasmi za Windows 7. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 nao uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hakikisha kadi inakubali Windows 11 pia.

Kwa usalama, kadi ikubali angalau WPA2, na ikiwezekana WPA3. Kadi kuukuu zinazotumia WEP peke yake usizichukue hata kwa bure, kwani ulinzi huo umejulikana kuwa unavunjika tangu mwaka 2001. Kompyuta inayoingia kwenye akaunti yako ya URA na ya benki isiwe mlango wa jirani.

Wakati wa kulipa

Ukiweza, beba kasha la kompyuta hadi dukani, kadi ijaribiwe mbele yako. Kubaliana kwa maandishi muda wa kuirudisha ikigoma. Na kama umesajiliwa VAT na unainunua kwa ajili ya biashara, dai ankara ya EFRIS yenye TIN yako, kwa sababu bila hiyo huwezi kudai kodi uliyolipa kwenye manunuzi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa kifupi, mwenye kompyuta ya mezani nyumbani anashauriwa kununua kadi ya ndani ya PCI Express, yenye bendi mbili, Wi-Fi 5 au 6, antena za nje na bati linalolingana na kasha lake. Asiyetaka kufungua mashine achukue ya USB 3.0 yenye antena, pamoja na waya wa kuongezea. Lakini asianze na duka, aanze na jaribio la simu. Huenda akagundua kwamba alichohitaji ni kuhamisha rauta tu.