Soko la Kazi Gusii: Mchumaji Chai na Mwalimu Anayengoja
Nyansiongo na Kebirigo, majani chai yanapochipuka baada ya mvua, mkulima hutafuta wachumaji kwa taabu ilhali vijana waliohitimu ualimu wako nyumbani. Wapo wanaouita uvivu. Hukumu hiyo si ya haki.

Ndizi zikifurika sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii, bei hushuka mpaka zinunuliwe. Kazi ya ualimu haina mnada huo: mshahara hupangwa Nairobi, wala haushuki waombaji wanapoongezeka. Tangu 1998, serikali ilipoacha kumwajiri kila mhitimu wa ualimu, nafasi chache hungojewa kwa foleni. Mwaka 1970 wanauchumi John Harris na Michael Todaro, wakizungumzia wahamiao mijini, walieleza kwamba mtafuta kazi huongozwa na ujira anaoutarajia, si ule ulio karibu naye. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Mwalimu ana mshahara wa mwezi na pensheni. Kungoja, basi, ni hesabu, na mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo huijua vyema.

Zamani shamba lilimlisha mwenye kungoja. Sasa shamba la babu limekatwakatwa baina ya wana na wajukuu, na kipande kilichobaki hakitoshi migomba na chai. Anayengoja hufundisha kwa ujira mdogo wa bodi ya shule, au huendesha bodaboda, cheti kikiwa kabatini.