Fundi Seremala na Daftari Lake

Ujiji ni mji unaojua sauti ya tezo. Ufukoni mwa Ziwa Tanganyika maboti ya mbao yangali yakiundwa kwa mikono, na vijana wengi hujifunza kushika randa na patasi kwa kuwatazama wakubwa wao. Mmoja humtengenezea mama yake kigoda. Jirani akakisifu, naye akaagiza chake. Hapo ndipo lizaliwapo swali: je, kazi hii ya kujipumbaza jioni yaweza kuwa riziki ya nyumba?

Sisi twasema yaweza. Wahenga walinena kuwa kazi mbaya si mchezo mwema. Wala useremala si amali ya kudharauliwa: Nabii Nuhu (A.S.) aliunda safina kwa amri ya Mola wake, na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Lakini hapana budi kijana ashike mambo matatu.

La kwanza ni hesabu. Tuseme kigoda kimekula mbao za shilingi 8,000, na gundi, misumari na msasa wa shilingi 2,000. Akikiuza kwa shilingi 15,000 hudhani amepata faida ya shilingi 5,000. Kama amekifanya kwa siku mbili, basi hiyo si faida. Ni ujira wa shilingi 2,500 kwa siku, na msumeno unaolika bado haujalipwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

La pili ni mbao. Mbao mbichi hupindana zikikauka, na kitanda hulegea viungo kikiwa nyumbani kwa mnunuzi. Tena anunue mbao zenye stakabadhi, kwani Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka mazao ya msitu yavunwe na kusafirishwa kwa kibali. Mninga wa wizi hauna baraka.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni ahadi. Mchezo hauna tarehe, kazi inayo. Wako mafundi wapokeao arbuni ya huyu wakanunulia mbao za yule aliyecheleweshwa, hata bibi arusi akaingia nyumbani mwake bila kitanda, na jina la fundi likazama. Qur'ani Tukufu, Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, yatuamrisha kuandika deni la muda. Basi na aandike umbo, vipimo, aina ya mti, bei, arbuni na siku ya kukabidhi, kila mmoja abaki na nakala.

Atakaye mafunzo na aende VETA Kigoma. Atakaye shauri la biashara na aliendee Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973. Wala asiache kazi aliyo nayo mpaka hesabu zake za miezi kadhaa zimwonyeshe kuwa randa yaweza kumlisha.

Nanyi wazazi, msimvunje moyo kijana apendaye mbao. Lakini siku mtakapomnunulia randa, mnunulieni na daftari.