Kiti cha Gari Kinahesabu Nini?

Leo tuongee juu ya viti vya magari. Najua wengine mtacheka: sisi tunatafuta kazi, wewe unatuletea habari ya viti? Ngojeni kidogo. Kwa wengi wetu gari ndicho kitu kikubwa cha kwanza tutakachonunua kwa pesa yetu wenyewe, na kiti kinaweza kukuokolea pesa nyingi. Kuna mahali pia kinaweza kukuokolea maisha. Tutafika hapo.

Mwenzetu mmoja alipata kontrati yake ya kwanza hapa Bukavu. Akaweka pesa kidogo kidogo, kisha akatuita watu watatu tumsindikize kuangalia Toyota Altezza. Munaijua: gari ya chini chini, ya mbio, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1998 na ambayo kule Ulaya na Marekani inaitwa Lexus IS. Mwenye kuuza alitupokea vizuri sana.

“Bayaya, muangalie vizuri. Hii gari iko muzima kabisa. Ilikuwa ya muzee mumoja kule Japani, alikuwa anaenda nayo tu ku kazi. Kilometa zake ni elfu makumi saba na munane.”

Rangi ilikuwa inang’aa. Moteri ilikuwa kimya. Lakini tulipofungua mlango wa dereva, ukingo wa kiti upande wa mlango ulikuwa umechanika, sponji inaonekana. Kiti cha abiria, kando yake, kilikuwa kama kipya.

Mmoja wetu akasema: “Hii si ngozi ya kweli.” Mwingine akasema: “Kilometa zimerudishwa nyuma, huyu anatudanganya.” Mimi sikuwa na jibu. Tukaomba siku mbili za kufikiri. Nikaenda kumwona fundi mmoja wa kushona viti kule Kadutu, nikasoma pia kidogo. Haya ndiyo niliyoelewa.

Kwanza, umbo la kiti. Kiti cha gari ya kawaida ni bapa. Kiti cha gari ya mbio kina kingo zilizoinuka pembeni, chini kwenye mapaja na juu kwenye mgongo. Tuziite mbavu za kiti. Kampuni ya Recaro ya Ujerumani ilionyesha kiti chake cha namna hiyo mwaka 1965, kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt. Kazi ya mbavu ni kumshika dereva asiteleze gari inapokata kona kwa kasi. Ni kazi nzuri. Lakini ili uketi katikati ya mbavu hizo, lazima kwanza upite juu ya ubavu mmoja. Na kila ukitoka, unapita tena hapo hapo.

Sasa tufanye hesabu ya fizika ya sekondari. Mtu wa kilo 70 ana uzito wa nyutoni 700 hivi. Akiketi vizuri, tuseme uzito wake unatawanyika juu ya sentimeta za mraba 1,000: hiyo ni nyutoni 0.7 kwa kila sentimeta ya mraba. Akiwa anatoka, tuseme nusu ya uzito wake, nyutoni 350, inaegemea ubavu kwenye sehemu ndogo ya sentimeta za mraba 50. Inakuwa nyutoni 7 kwa kila sentimeta ya mraba. Shinikizo limekuwa mara kumi, na juu yake kuna msuguano, maana mtu anajikokota. Ongeza vifungo vya chuma vya jinzi, mkanda, funguo mfukoni. Ndani ya ubavu kuna sponji ngumu, na mara nyingi waya au chuma cha fremu. Ngozi inabanwa kati ya chuma na suruali.

Na ngozi yenyewe? Kwenye viti vingi vya magari, kinachoonekana juu ni tabaka jembamba la rangi ya poliuretani lililopakwa juu ya ngozi ya ng’ombe. Tabaka hilo ndilo linaloisha kwanza. Rangi ikitoka, nyuzi za ngozi zinabaki wazi, zinakauka, zinapasuka kila zinapokunjwa. Kitambaa cha Alcantara, kile laini cha magari ya bei, hakina ngozi hata kidogo: ni poliesta na poliuretani, na kikisuguliwa sana kinatoa vipira vidogo kama sweta kuukuu. Kwa hiyo yule aliyesema “si ngozi ya kweli” alikuwa anakosea njia. Hata ngozi ya kweli inachanika hapo.

Bukavu inaongeza mambo yake. Mji wetu uko kwenye kimo cha meta 1,500 hivi, na kila ukipanda meta 1,000 miali ya jua inayochoma rangi inaongezeka karibu asilimia 10. Gari inayolala nje kila siku, kiti chake kinakauka mapema. Wakati wa kiangazi vumbi linaingia kila mahali, na vumbi juu ya ngozi ni kama msasa. Halafu njia zetu: kwenye mashimo mwili unatupwa kushoto na kuume, na kila mara unasugua mbavu za kiti hata kama hutoki garini.

Jambo kubwa ni hili: kiti hakihesabu kilometa. Kinahesabu kuingia na kutoka. Anayetoka Lubumbashi kwenda Kolwezi anafanya kilometa karibu 300, na anaweza kuingia mara moja tu. Anayezunguka Nguba, Nyawera, Kadutu, anasimama kila kona, anafanya kilometa 20 lakini ameingia na kutoka mara 30. Kwa siku 300 za kazi, huyo wa pili amepita juu ya ubavu mara 9,000 kuingia na mara 9,000 kutoka. Kwa hiyo kiti kilichochanika kwenye gari yenye kilometa chache hakithibitishi kwamba mwenye kuuza ni mwongo. Kinaweza kuwa kimebeba mtu wa safari fupi fupi, mtu mzito, au mtu mfupi anayejikokota kutoka.

Basi utajuaje? Kama mahakamani, usimsikilize shahidi mmoja. Angalia usukani: umekuwa laini na unang’aa mahali mikono inaposhika? Angalia kichwa cha gia. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho: umechakaa kingo? Angalia mpira wa pedali ya breki. Mashahidi hao wote wakiwa wazima na kiti peke yake kimechanika, yaelekea ni namna ya kuingia tu. Wote wakiwa wamechoka, basi gari imefanya kazi nyingi kuliko inavyosema. Tena, magari yetu mengi yanatoka kwenye minada ya Japani, na kule kila gari inaandikiwa karatasi ya ukaguzi yenye kilometa na herufi ya hali ya ndani. Omba karatasi hiyo, kisha linganisha namba ya shasi.

Tulirudi siku ya tatu. Usukani ulikuwa unang’aa kama sahani. Mkanda ulikuwa na nyuzi nyuzi. Na pedali ya breki? Mpira wake ulikuwa mpya kabisa, mweusi, haujaguswa. Mpira mpya kabisa kwenye gari ya umri ule! Tukaomba karatasi ya mnada. “Hiyo ilipotea ku mupaka, yaya.” Mwenzetu akashukuru kwa heshima, tukaondoka. Aliumia, maana alikuwa amekwisha kuipenda.

Sasa sehemu ya maisha. Baada ya wiki chache tuliiona gari ile ile kwenye njia ya Essence. Ilikuwa imenunuliwa, na viti vyote vilikuwa vimevishwa vifuniko vipya, vizito, vimeshonwa kwa nguvu. Ilipendeza. Lakini mimi sikufurahi.

Kwenye magari mengi ya aina hii, mfuko wa hewa wa pembeni, ule unaomkinga dereva akigongwa ubavuni, umefichwa ndani ya ubavu wa mgongo wa kiti, upande wa mlango. Volvo ndiyo iliyoanza na mifuko ya pembeni, mwaka 1994, na wengine wakafuata. Ukiona kibandiko kidogo upande wa kiti chenye neno “AIRBAG”, jua uko hapo. Mfuko huo unafunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ushono wa kiti mahali pale umefanywa makusudi upasuke kirahisi. Ukiufunika kwa ngozi nzito na uzi mgumu, mfuko unaweza kuchelewa au kufunguka upande usiofaa. Umerekebisha uzuri, umefunga mlango wa kuokoka.

Kwa hiyo ukitaka kutengeneza kiti, mwambie fundi abadilishe kipande kilichochanika peke yake, na asiguse ushono wa ubavu wa mgongo wenye kibandiko. Kifuniko kiwe na nafasi wazi upande huo. Akitaka kutoa kiti, moto wa gari uzimwe na betri ichomolewe kwanza, na nyaya za soketi za njano chini ya kiti zisichezewe. Kazi ikiisha, washa gari uangalie: taa ya mfuko wa hewa ikibaki inawaka, kazi haijaisha.

Na kwa anayetaka kiti chake kidumu, dawa ni rahisi. Ukiingia, anza na makalio, keti kabisa, kisha geuza miguu miwili pamoja. Ukitoka, geuza miguu kwanza, jiinue, usijikokote. Toa funguo mfukoni. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, hasa wakati wa kiangazi, na egesha kivulini ukipata kivuli.

Mwenzetu bado anaweka pesa. Juzi aliniita tena kwenda kuangalia gari nyingine, na nilipofika nilimkuta amekwisha kuinama mlangoni, anavuta mkanda mpaka mwisho, mwenye kuuza anamwangalia bila kusema neno.