Katalogi za Tarakilishi na Masaibu ya Fundi wa Magari

Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, ni maarufu kwa maduka ya vipuri na mafundi wa magari. Magari mengi wanayoyashughulikia mafundi hao yaliundwa kwa soko la Japani, yakatumika huko, kisha yakaletwa Kenya yakiwa na umri usiozidi miaka minane, kama sheria inavyodai. Asili hiyo ndiyo humponza fundi anapoketi mbele ya tarakilishi kutafuta nambari ya kipuri.

Katalogi ya kidijitali hailijui gari kwa umbo. Hulijua kwa nambari. Magari ya Ulaya na Marekani hutambulishwa kwa nambari yenye herufi na tarakimu 17, ilhali gari lililoundwa kuuzwa Japani lina nambari fupi ya fremu. Tuchukue mfano wa Toyota Corolla NZE121, ambapo NZ ni jamii ya injini na E ni ukoo wa Corolla. Programu inayodai alama 17 huikataa nambari hiyo, kana kwamba gari lenyewe halipo. Fundi akichagua jina la Corolla pekee, na soko likawa la Ulaya, huenda akaonyeshwa gari lenye sura kama ya lake lakini lenye injini nyingine. Kipuri kitalipiwa, kitafika, na hakitaingia. Maduka mengi yamebandika ilani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo hasara humwangukia fundi, nayo teksi ya mteja hushinda juu ya jeki bila kuingiza hata shilingi.

Tarehe nazo zina utata wake. Kiwanda huweza kubadilisha kipuri katikati ya mwaka, hivyo katalogi hutaka mwezi na mwaka wa kuundwa. Hati zinazoandamana na gari kutoka Japani hutaja tarehe ya kusajiliwa, ambayo ni jambo jingine. Na iwapo injini ya awali ilikwisha kung'olewa na kutiwa nyingine ya mtumba, programu humweleza fundi habari za gari ambalo halipo tena.

Si kwamba mfumo wenyewe hauna mantiki. Tarakimu tano za kwanza za nambari ya Toyota hutaja aina ya kipuri: 04465 ni pedi za breki za mbele, 04466 za nyuma. Anayezifahamu hufika upesi. Asiyezifahamu hutegemea majina, na hapo lugha humkwaza. Kiingereza cha katalogi hutanguliza nomino: pampu kwanza, kisha maji. Fundi aliyefunzwa Kiingereza cha shuleni huandika neno la maji kwanza, na programu inayotafuta kwa neno la mwanzo haimpi kitu. Ajabu ni kwamba mpangilio huo wa katalogi ni ule ule wa Kiswahili, lugha ambayo fundi huizungumza kutwa nzima lakini hawezi kuiandikia programu hiyo. Kulia na kushoto pia hukanganya. Katalogi huhesabu pande kama dereva aliyeketi, ilhali fundi husimama mbele ya gari akiitazama injini, na taa ya kulia iko upande wa mkono wake wa kushoto.

Ndiyo maana mafundi wangali wanakwenda dukani na kipuri kikuukuu mkononi. Muuzaji huisoma nambari iliyochapwa juu yake, iwapo kutu haijaila. La sivyo hupima matundu ya bolti na kuhesabu meno ya ekseli. Katalogi nyingi za viwanda vya magari hazina mahali pa kuandika vipimo hivyo. Baadhi ya watengenezaji wengine wa vipuri huviorodhesha: urefu na unene wa pedi, kipenyo cha filta, upana wa beringi. Kwa katalogi za aina hiyo, fundi mwenye rula huweza kukipata kipuri hata kama hajui gari liliundwa mwezi gani.