Udongo wa Maskini na wa Tajiri Huingia Mto Mmoja

Ndugu mkulima, mvua za Aprili zikishika sawasawa, tazama maji ya mto Kuywa au Nzoia. Wekundu ule ni udongo wa mashamba yetu. Ni mahindi ya mwaka ujao yanayokwenda zake. Ukiuliza umetoka wapi, wengi hujibu upesi: "Kwa wavivu wasiochimba matuta." Jibu hilo ni nusu tu. Yafaa tujue kwa nini ardhi huharibika zaidi mahali ambapo watu wamepitana mno kwa mali.

ARDHI ILIVYOGAWANYWA

Kuanzia mwaka 1919 Serikali ya kikoloni iliwapa askari Wazungu waliotoka vitani mashamba makubwa, mengine hapa Trans Nzoia. Mwafrika alibaki katika rizavu, au aliishi kwa Mzungu kama skwota. Rizavu zikajaa watu. Shamba lililozoea kupumzika miaka kadhaa likalimwa kila mwaka, nalo likachoka.

Lakini usidhani Mzungu hakuharibu. Wengi wao walipanda mahindi juu ya mahindi mpaka udongo ukapungua nguvu. Tofauti ni hii: mwaka 1931 Mzungu alifunguliwa Benki ya Ardhi ya kumkopesha. Mwafrika wa rizavu hakuwa na hati ya kuweka rehani, na mahali pengi aliamriwa tu achimbe matuta. Basi wote wawili waliumiza ardhi, lakini dawa ilipewa mmoja.

Mwaka 1962 ulianza Mpango wa Ekari Milioni Moja, na familia kama 35,000 zilipata mashamba. Upande wetu zikatokea skimu kama Tongaren, Naitiri na Ndalu. Hata hivyo watu hawakuanza sawa. Wengi walipata ekari chache pamoja na deni la kulipa. Kuanzia mwaka 1964, mahali pengine nyumba ya Mzungu na ekari kama 100 zilitengwa kwa wenye vyeo na uwezo. Tangu hapo vile vipande vidogo vimegawanywa tena kwa wana na wajukuu.

MWENYE HABA NA MWENYE NACHO

Mtazame mwenye haba. Kwanza, hana nafasi. Mvua ya kwanza ikinyesha huenda kulima kwa jirani apate unga, na akirudi kwake msimu umempita. Kuchimba matuta ni kazi ya siku nyingi, na tuta halijazi sufuria jioni. Pili, shamba analolima huenda ni la kukodi kwa msimu mmoja. Nani atapanda miti katika shamba ambalo mwakani litalimwa na mwingine? Tatu, karo ikidaiwa huuza vile vitu vya kuurudishia udongo nguvu: samadi, mabua, na hata miti ya mpakani huchomwa makaa.

Mwenye nacho hana shida hizo, lakini aweza kuharibu eneo kubwa kwa siku moja. Hukodi ekari nyingi, huita trekta ilime kufuata mteremko, hulima hadi ukingoni mwa mto, kisha akivuna huhamia kwingine. Faida huenda naye. Hasara humbakia mwenye shamba na wale walio bondeni.

HASARA HUMWANGUKIA NANI?

Maji hufuata mkondo, na hasara pia hushuka kwa asiye na pa kukimbilia. Maji ya Nzoia yanayotoka kwetu humalizia Budalang'i, karibu na Ziwa Victoria. Huko kingo za mto zilibomoka mwaka 2003 na tena mwaka 2008, na watu wakahama nyumba na mashamba yao. Hawakulima milima yetu hata jembe moja, lakini udongo na maji yetu hufika kwao.

Hapa karibu na Lugulu tulikuwa na mfano mwingine. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan African Paper Mills, kilianza kazi katika miaka ya 1970 na kikasimama mwaka 2009. Kilileta mishahara na soko la miti. Lakini moshi wake uliwaangukia majirani, na mabati yao yakaliwa na kutu. Mwenye fedha aliweza kununua ploti kwingine. Asiye nazo alibaki kuuvuta.

UKAMBANI WALIFANYAJE?

Mwaka 1938 Serikali ilichukua kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba, ikisema wamezidi na wanaharibu udongo. Watu wakaandamana mpaka Nairobi pamoja na Muindi Mbingu, na Serikali ikarudi nyuma. Baadaye, watu walipopata kahawa na masoko, na walipojua shamba ni lao, walichimba matuta ya "fanya juu" kwa vikundi vya mwethya. Kati ya mwaka 1932 na 1989 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara 5, na bado mmomonyoko ulipungua. Kwa hiyo wingi wa watu peke yake si mkosaji. Mtu hutunza udongo akiwa na nafasi, uwezo, na hakika kwamba atavuna mwenyewe.

TUFANYE NINI?

1. Chimbeni kwa zamu, shamba kwa shamba, mkianza na lililo juu. Pimeni mstari kwa kamba na pimamaji, chimbeni mtaro wa kina cha sentimita 60, udongo utupwe upande wa juu, kisha pandeni nepia juu ya tuta. Mjane au mzee asiyeweza kuchimba asirukwe.

2. Ukikodisha shamba, andikeni mkataba wa miaka 3 au zaidi, na umpunguzie kodi atakayechimba matuta.

3. Acheni ukanda wa majani na miti wa mita 6 au zaidi kando ya mto. Kanuni za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35 bila kibali, na sababu yake ingalipo.

4. Wewe mwenye trekta, lima kukata mteremko. Wewe mwenye plau na ng'ombe, mlimie jirani mapema, naye akulipe kwa kazi baada ya palizi.

Huo si msaada wa bure. Ikiwa shamba la jirani liko juu yako, matope yake yatafunika maharagwe yako, hata kama matuta yako ni mazuri. Kikundi chenu kikikosa pimamaji, muulizeni afisa wa kilimo wa wadi kabla mvua hazijaanza.