Kina cha udongo juu ya kalvati huamua iwapo trela itapita salama

DEREVA wa trela anayetoka bandari ya Mombasa akielekea Malaba huvuka makalvati mengi bila kuyaona. Sanduku la zege limezikwa chini ya lami, maji yanapita ndani yake, na juu yake linapita gari ambalo uzito wake waweza kufika tani 56, upeo unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Paa la sanduku hilo likivunjika, barabara hukatika, na huenda gari likatumbukia pamoja na waliomo.

Mengi ya masanduku haya hutengenezwa kiwandani vipande kwa vipande, kisha huletwa kwa lori na kupangwa kwa kreni. Faida yake ni kwamba zege hukomaa likitunzwa vyema, vyuma hukaa mahali pake, na barabara haifungwi kwa muda mrefu. Lakini kipande kikishatoka kwenye kalibu hakiongezwi unene wala vyuma. Hesabu sharti ziwe sahihi kabla zege halijamwagwa, na siku hizi hufanywa kwa programu za kompyuta.

Programu hizo ni za aina mbili. Ya kwanza hulichukulia sanduku kama fremu yenye paa, sakafu na kuta mbili, iliyolazwa juu ya udongo unaobonyea kama springi. Ya pili, mfano wake CANDE iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1970, huugawa udongo pamoja na zege katika vipande vidogo na kukadiria jinsi vinavyosukumana. Kwa kalvati la kawaida, ya kwanza hutosha.

Mhandisi huingiza vipimo vya sanduku, nguvu ya zege, uzito wa udongo na gari la mfano. Katika kanuni za Marekani, gari hilo lina ekseli tatu: ya mbele tani 3.6, na mbili za nyuma tani 14.5 kila moja. Programu hulisogeza hatua kwa hatua kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, ikitafuta mahali paa linapopinda zaidi na mahali linapokaribia kukatika, hasa jirani na kuta. Uzito wa gari huzidishwa kwa 1.75 kama tahadhari. Huongezwa pia mshtuko wa magurudumu, ambao hupungua kadiri udongo unavyozidi na kuhesabiwa kuwa si kitu kina kikifika mita 2.4.

Msomaji atauliza: gari la mfano la tani 33 hivi linawezaje kusimama badala ya trela ya tani 56? Jibu ni kwamba sanduku lenye upana wa mita mbili halibebi trela nzima kwa wakati mmoja. Linabeba ekseli moja au mbili, nyingine zikiwa bado hazijafika au zimekwisha kuvuka. Ndiyo maana sheria huwekea mpaka hata ekseli, wala si jumla ya uzito pekee. Ekseli moja yenye magurudumu manne huruhusiwa tani 10. Lori fupi la mawe lililojazwa kupita kiasi laweza kuliumiza kalvati kuliko trela ndefu iliyopakiwa kwa kufuata sheria, na malori kama hayo ndiyo hupenda njia za mashambani zisizo na mizani.

Hata hivyo, tarakimu inayobadilisha mengi zaidi ni kina cha udongo juu ya paa. Chukua ekseli hiyo ya tani 10. Kila upande wake unashuka na tani 5, juu ya eneo la sentimita 50 kwa 25. Hapo juu kabisa shinikizo ni tani 40 kwa kila mita mraba. Udongo huutawanya uzito huo unaposhuka. Kwa kutumia kipimo kimojawapo cha Marekani cha mtawanyiko, kwenye kina cha sentimita 60 hubaki takriban tani 4.5 kwa mita mraba. Kwenye mita mbili hubaki tani 0.7 tu, bila kuhesabu magurudumu ya jirani. Lakini udongo nao una uzito wake. Sentimita 60 hulemea paa kwa tani 1.1 hivi kwa mita mraba, na mita mbili kwa tani 3.8. Kwa hivyo kalvati lililozikwa sana huteswa na udongo, na lililo karibu na uso huteswa na lori.

Chini ya sentimita 60, kanuni hizo za Marekani hubadilisha njia ya kukokotoa: paa huchukuliwa kama daraja linalokanyagwa na gurudumu moja kwa moja. Viungo kati ya kipande na kipande navyo huanza kuwa suala, kwa maana gurudumu laweza kusimama kwenye ukingo wa kipande kimoja huku jirani yake akiwa hana mzigo.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Programu ya uzito haiulizi mafuriko yatakuwa makubwa kiasi gani. Ukubwa wa tundu hukokotolewa kivyake. Aprili 29, 2024, katika kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, takataka ziliziba njia ya maji chini ya tuta la reli, maji yakajaa nyuma yake hadi yakabomoa, na makumi ya watu wakafa. Hapo tatizo halikuwa uzito wa gari.

Kwenye barabara za changarawe, kina kilichoandikwa kwenye mchoro hakidumu. Mvua huosha, greda hukwangua, na murram mpya hukawia. Kwa hesabu ile ile ya mtawanyiko, udongo ukibaki sentimita 30, zile tani 4.5 hukaribia 10. Sanduku ni lile lile na lori ni lile lile. Mhandisi mwangalifu huendesha programu mara mbili, kwanza kwa kina cha mchoro, kisha kwa kina kidogo zaidi kinachoweza kubaki baada ya miaka kadhaa ya greda, na huagiza vyuma vya paa kwa jibu lile baya zaidi.