Kazi, Uongozi na Masomo: Usichanganye Pesa za Watu na Karo Yako

Je, unasoma Meru au Embu, jioni una kibarua, darasani wewe ndiye kiongozi, na ndoto yako ni kusomea famasia? Basi makala haya ni yako.

Safari yenyewe si fupi. KMTC, ambayo ina matawi Meru na Embu, hufundisha diploma ya famasia ya miaka 3, ingawa si kila tawi lina kila kozi. Shahada katika Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka 5. Ukimaliza, lazima usajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu ndipo uanze kazi. Karo yahitaji mpango wa mapema.

Tatizo ni hili: mshahara wa kibarua, akiba ya karo na michango ya wanafunzi wenzako vyote vinaingia laini moja. Leo ni nauli ya safari, kesho ni matanga ya mzazi wa mwenzenu. Unaona salio la 14,000, unadhani uko sawa, kumbe zako ni 3,000 tu. Ukizitumia, si pesa tu unapoteza. Unapoteza jina. Na kazi ya dawa ni kazi ya kuaminiwa.

Tunakushauri hivi:

1. Tenganisha. Michango ipokelewe kwenye laini au akaunti ya kikundi, iwe na mweka hazina na zaidi ya mtu mmoja wa kuidhinisha pesa zikitoka. Kila wiki, tuma taarifa ya matumizi kwenye grupu.

2. Funga akiba siku ya mshahara. Tuseme unalipwa 6,000 kwa mwezi. Weka 2,000 kwenye akiba ya kufungwa kabla hujanunua chochote. Kwa miezi 8 una 16,000, na hukukopa mtu.

3. Michango iwe na siku yake. Tangaza siku moja ya kutuma na tarehe ya mwisho. Simu ya kiongozi hailali, lakini saa ya kemia na bayolojia iache ikae kimya. Kura utapigiwa na wenzako. Mtihani utafanya peke yako.

4. Linda PIN yako. Hata naibu wako asiijue.

5. Jihadhari na wauza nafasi. Maombi ya KMTC hupitia KUCCPS, na karo hulipwa kwa njia rasmi ya chuo. Anayekuambia utume "kitu kidogo" kwa nambari yake akupatie nafasi ni tapeli. Usitume.

Na kama mambo matatu yamekushinda kwa pamoja, achia mwenzako uongozi muhula mmoja. Hiyo si aibu. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba chenyewe kiwe chako.

Leo jioni, kabla hujalala, fungua taarifa ya laini yako. Hesabu: zako ni ngapi, za watu ni ngapi?